Ulezi wa Mwalimu Mpya Uwekwe Kwenye Ratiba



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mwalimu mpya afundishe vizuri na asiikimbie kazi. Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili mnipime nayo. Hapa Tanzania hatukosi watu wenye moyo wa kumlea mwalimu mpya. Tunakosa muda uliotengwa kwa kazi hiyo. Ulezi usio na kipindi kwenye ratiba hutegemea huruma ya mtu, na huruma huchoka haraka katika shule ambayo mwalimu mmoja ana madaftari 400 ya kusahihisha.

Tutazame siku anapofika. Kijana ameripoti halmashauri, amejaza fomu zake, ameelekezwa gari la kupanda. Mkuu wa shule anampokea kwa furaha ya kweli, maana hana mwalimu wa Hisabati tangu mwaka jana. Furaha hiyohiyo ndiyo inayomponza mgeni. Kabla ya saa ya chai ameshakabidhiwa mikondo mitatu ya kidato cha kwanza na mmoja wa kidato cha pili, na kwa kuwa ni kijana, anaongezewa michezo. Wiki inayofuata yeye ndiye mwalimu wa zamu. Wazoefu wamebaki na kidato cha nne, au darasa la saba ikiwa ni shule ya msingi, kwa sababu matokeo ya huko ndiyo yanayosomwa na wakubwa. Basi wanafunzi walio wengi kuliko wote darasani, wanaohitaji msingi kuliko wote, wanawekwa mikononi mwa mtu ambaye tangu azaliwe amesimama mbele ya darasa kwa wiki chache tu za mazoezi ya kufundisha.

Kwetu pwani bibi harusi hupelekwa na somo yake, na somo hukaa naye fungate nzima akimwelekeza, akimsikiliza, akimtetea inapobidi. Hakuna anayesema kuwa binti ameshafundwa, basi aachwe. Mwalimu tunamwacha mlangoni.

Si kwamba vyuo vyetu havifanyi kazi. Chuo kinamfundisha mtu kuandaa azimio la kazi, kuandika andalio la somo, kutengeneza zana. Jambo ambalo chuo hakiwezi kumpa ni darasa lenyewe: watoto 90 walioketi watatu au wanne kwa dawati, mvua inayopiga bati hadi sauti haisikiki, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba na sasa anasikiliza Baiolojia kwa Kiingereza huku akitabasamu kwa adabu bila kuambulia kitu. Hayo hujifunzwa papo hapo, na mtu akijifunza peke yake hushika njia ya kwanza inayompa nafuu, hata kama ni mbaya. Atagundua kwamba darasa likinakili notisi hutulia. Atagundua kwamba fimbo hunyamazisha. Mwaka mmoja ukipita hivyo, amekuwa mzoefu wa njia hizo, na kumtoa huko ni kazi ngumu kuliko ile ambayo ingefanyika siku ya kwanza.

Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa neno ulezi likiachwa juujuu kila mtu hulikubali na hakuna anayelifanya.

Mwalimu mpya wa darasa la tano anafundisha kujumlisha sehemu. Ameandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi, amekokotoa vizuri, mwandiko wake unasomeka hadi dawati la mwisho. Anageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo mwalimu!" Anafuta ubao, anatoa zoezi. Mwalimu mlezi wake, mama wa makamo aliyefundisha Hisabati miaka mingi, amekaa nyuma na daftari mapajani. Hasemi kitu. Zoezi linapoanza anapita kimyakimya kati ya madawati na kuandika anachokiona. Watoto wengi wameandika mbili ya tano. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.

Baada ya kipindi wanakaa chini ya mwembe. Mama yule haanzi na kosa. Anamuuliza, "Ulijuaje kuwa wameelewa?" Kijana anajibu kwamba waliitikia. "Waliitikia wote?" Kijana anawaza, anasema wote. "Na wangekuwa hawajaelewa, wangeitikia nini?" Hapo kijana ananyamaza, na kunyamaza huko ndiko kujifunza. Kisha mlezi anamwonyesha daftari: jibu la mbili ya tano limejirudia mara ngapi, na kwa nini mtoto mwenye akili nzuri kabisa angelifikia. Wanapanga pamoja kipindi cha kesho. Badala ya kuuliza kama wameelewa, mwalimu ataandika majibu mawili ubaoni, moja sahihi na moja lile la kwao, atawaambia watoto wachague na kila mmoja amweleze jirani yake sababu. Kesho yake mlezi atafundisha mkondo mwingine somo hilohilo, na kijana atakaa nyuma kutazama.

Angalieni kilichotumika hapo. Kipindi kimoja cha kutazama, nusu saa ya kuzungumza, kipindi kingine cha kutazamwa. Hakuna semina ya hotelini, hakuna fulana wala mabango. Lakini hakuna hata dakika moja kati ya hizo itakayopatikana ikiwa mama yule ana vipindi 30 kwa wiki na kijana naye ana 32.

Sasa kuhusu kuikimbia kazi. Nchi nyingine hupima jambo hili kwa kuhesabu walioacha. Kwetu hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu ajira ya serikali ni ngumu kuipata na wachache huitupa. Mwalimu wetu huondoka kwa njia nyingine. Huomba uhamisho kila mwaka hadi apate. Hutafuta nafasi ofisini wilayani. Au hubaki palepale na kuondoka moyoni. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walipofika katika shule zetu za msingi bila kutoa taarifa, walikuta walimu 14 katika kila 100 hawapo shuleni. Hilo linaelezeka, watu huugua, hutumwa wilayani, hufuatilia mishahara. Lakini walimu karibu 47 katika kila 100 hawakuwa darasani. Yaani theluthi nzima ya walimu walikuwa wamefika shuleni lakini hawakuingia kufundisha. Takwimu hizo zinahusu walimu wa kila umri, na sababu zake ni nyingi. Hata hivyo mimi naamini sehemu yake kubwa ilianza zamani, katika mwaka wa kwanza, pale mtu alipoingia darasani akashindwa, akatoka, na hakuna aliyemuuliza limekwendaje. Darasa likishakuwa mahali pa kushindwa peke yako, mtu hulikwepa.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kugharimia ulezi. Nawaomba mkumbuke historia yetu wenyewe.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto aanze shule. Walimu wa kutosha hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka kufundisha madarasa ya chini huku wakisomea ualimu hapohapo kazini. Wengi tunawaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mara nyingi tunalitamka jina hilo kwa dharau. Wanaowadharau husahau jinsi walivyoandaliwa. Kijana alifundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki alisoma pamoja na wenzake, akiongozwa na mwalimu mzoefu aliyepewa jukumu hilo. Alipata masomo kwa posta na kwa redio. Safari hiyo ilichukua miaka mitatu, ikaishia kwa wiki kadhaa za chuo. Zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Pia watafiti Mählck na E. B. Temu waliwalinganisha na walimu waliosoma vyuoni, na katika utafiti wao uliochapishwa 1989 hawakulikuta lile pengo kubwa ambalo watu walilitarajia.

Sisemi turudi kuajiri watoto wa darasa la saba. Wengi wao waliingia darasani na elimu ndogo mno. Nasema kwamba nchi hii, ikiwa maskini kuliko ilivyo leo, iliwahi kuweka ulezi ndani ya saa za kazi za mwalimu mpya. Ulikuwa sehemu ya ajira yake, tena kwa miaka mitatu.

Linganisheni na kilichofuata. Chini ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za sekondari ziliongezeka kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Shule za kata zikachipuka kila mahali, na ni jambo jema. Mamia kwa maelfu ya watoto wa wakulima wasingeona sekondari bila shule hizo. Lakini ili kuzijaza walimu, tulichukua vijana wa kidato cha sita, tukawapa mafunzo ya mwezi mmoja, tukawatawanya. Wananchi wakawaita voda fasta, kwa kejeli ya mafunzo yao ya haraka. Jina hilo liliwaumiza vijana ambao hawakuwa na kosa lolote. Safari hii hapakuwa na mchana wa kusoma na mwalimu mzoefu. Mara nyingi hapakuwa na mwalimu mzoefu kabisa: shule mpya, mkuu wa shule mmoja, na vijana watano waliofika wiki moja. Nani amlee nani?

Huko ng'ambo nako yapo ya kujifunza, ingawa nitayapita haraka. Marekani, watafiti Thomas Smith na Richard Ingersoll walionyesha mwaka 2004 kwamba walimu wapya waliobaki zaidi ni wale waliopata mlezi wa somo lilelile wanalofundisha, pamoja na muda wa kupanga kazi na wenzao. Zingatieni: somo lilelile. Mlezi wa Historia hawezi kumwambia mwalimu wa Fizikia kwa nini jaribio limegoma. Utafiti mwingine mkubwa wa huko, uliokamilika 2010, ulitoa habari isiyofurahisha. Ulezi wa mwaka mmoja haukubadilisha matokeo ya wanafunzi, wala ulezi wa miaka miwili haukuongeza idadi ya walimu waliobaki kazini. Ila wanafunzi wa walimu waliolelewa miaka miwili walikuja kufanya vizuri zaidi katika Hisabati na kusoma. Nimeutaja makusudi, kwa kuwa sitaki mtoke hapa mkiamini kwamba mlezi ni dawa ya kila kitu. Mwalimu asiye na nyumba wala maji hatabakishwa na mazungumzo chini ya mwembe. Serikali isitumie ulezi kama kisingizio cha kutojenga nyumba za walimu.

Uskoti ndiyo iliyonishawishi kuhusu ratiba. Tangu Agosti 2002 kila mwalimu mpya wa huko aliahidiwa nafasi ya mwaka mmoja akiwa na asilimia 70 tu ya mzigo wa kufundisha. Asilimia 30 iliyobaki ilikuwa ya kujifunza. Sisi hatuna walimu wa kutosha kutoa asilimia 30, lakini kanuni yenyewe ni sahihi: anayeanza asibebe mzigo wa anayejua. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha upande wa pili. Sekondari ya chini ilipoanza Januari 2023, walimu wengi waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja kama wanagenzi, kwa posho ndogo, huku wakibeba vipindi kamili kama walimu wengine. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikakataa utaratibu huo, na Mei vijana wakaandamana. Kumwita mtu mwanagenzi kisha usimpe wa kumfundisha ni kumlipa pungufu tu.

Sasa niseme jambo ambalo wakuu wa shule huenda wasilipende. Mlezi asiwe mkaguzi. Mwalimu mpya yuko kwenye muda wa matazamio, anasubiri kuthibitishwa kazini. Kila anayeingia darasani mwake na kalamu anamwona kama mtu anayekuja kuamua mkate wake. Mthibiti ubora akija, kijana hutoa somo lililoandaliwa kwa ajili ya mgeni, wanafunzi wameshapangwa nani atanyoosha mkono. Ni haki yake kujilinda. Lakini kwa mlezi anatakiwa aonyeshe somo lililomshinda. Hatafanya hivyo ikiwa maelezo ya mlezi yanaishia kwenye faili lake, au yanaingizwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, au yanasimuliwa ofisini wakati wa chai. Nimeona urafiki mzuri wa walimu wawili ukivunjika kwa sentensi moja iliyosemwa kwenye kikao cha walimu. Mkuu wa shule anayetaka ulezi ufanye kazi amwambie mlezi, mbele ya mwalimu mpya, kwamba hataulizwa ripoti ya darasani. Ataulizwa tu kama wamekutana.

Nani achaguliwe? Mara nyingi tunamtazama mwenye miaka mingi kazini. Miaka peke yake haitoshi. Kuna mtu mwenye miaka 25 ya kunakilisha notisi. Achaguliwe yule ambaye wanafunzi wake wanafanya kazi hata akiwa hayupo, na ambaye yeye mwenyewe bado hukubali kutazamwa. Tena kwa mwalimu wa kike aliyepangwa kijijini, nasisitiza, apewe mwanamke mwenzake hata ikiwa mlezi wa somo ni mwanamume. Binti wa miaka 24 aliyefika mahali asipojua mtu anahitaji wa kumwambia nyumba ipi ina mlango unaofungika, njia ipi isipitwe jioni, na mwenyekiti wa kijiji aendewe kwa adabu gani. Mabinti wengi wanaoomba uhamisho wanaandika kwenye barua kwamba wanamfuata mume. Nimezungumza na baadhi yao. Hofu ya usiku wa kwanza haikuandikwa, lakini ilikuwapo.

Twende kwenye hesabu, maana najua wakuu wa shule mmekuwa mkiisubiri. Chukueni shule ya sekondari yenye walimu 20. Mmoja ni mpya, mmoja ni mlezi wake. Mpunguzie mpya vipindi sita kwa wiki, mlezi viwili. Jumla ni vipindi vinane, vinavyogawanywa kwa walimu 18 waliobaki. Ni chini ya nusu kipindi kwa kila mmoja. Hata kama masomo hayagawanyiki sawasawa, na kweli hayagawanyiki, mwalimu wa taaluma aliye makini ataiweka ratiba hiyo kwa siku mbili.

Kwenye shule ya msingi yenye walimu wanne na wanafunzi 500, siwezi kuwaambia mpunguze vipindi, nitakuwa nawatukana. Huko ipo njia nyingine. Mara mbili kwa wiki mwalimu mpya na mlezi waingie darasa moja pamoja, mmoja akiongoza na mwingine akipita kati ya watoto, darasa jirani likiwa na zoezi la kusoma chini ya uangalizi wa kiranja na jicho la mwalimu mkuu. Na pale somo zima lina mwalimu mmoja tu, kama ilivyo kwa Fizikia katika shule nyingi za kata, mlezi atoke shule jirani. Utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeshaweka jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye klasta. Tatizo ni kwamba katika baadhi ya klasta siku hiyo imegeuka kuwa kikao cha kusomeana nyaraka. Afisa Elimu Kata anaweza kubadilisha hilo wiki ijayo bila kuomba kibali cha mtu: walimu wapya wa kata nzima wakutane na walezi wao, kila mmoja akiwa na madaftari matano ya wanafunzi, wayasome pamoja.

Kuhusu malipo ya mlezi, sipendekezi posho ya kikao. Posho ikichelewa ulezi utasimama, na tumeshaona mengi yakisimama hivyo. Napendekeza kazi hiyo ihesabiwe wakati wa kupandishwa daraja, ithibitishwe kwa maandishi, na ulezi wa miaka miwili uwe na uzito unaoonekana. Chama cha Walimu kina nguvu ya kulidai hili. Kimedai stahiki nyingi tangu 1993. Hii nayo ni stahiki.

Haja ya ulezi sasa ni kubwa zaidi. Tarehe 1 Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale Dodoma toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo. Mitaala mipya inamtaka mwalimu ajenge umahiri, mwanafunzi atende badala ya kukariri. Walimu wapya wanaoingia sasa ndio watakaoibeba mitaala hiyo kwa miaka 30 ijayo. Wengi wao walisoma kwa kukariri, wakafaulu kwa kukariri. Wakiachwa peke yao watafundisha kama walivyofundishwa, hata kitabu kibadilike rangi mara ngapi.

Wanachuo wa mwaka wa mwisho mlioko viti vya nyuma, mtakapopangiwa vituo msisubiri kuulizwa. Wiki ya kwanza mwombeni mwalimu mmoja ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake. Atashangaa, kisha atakubali.

Na kwenu wakuu wa shule: ratiba ya muhula ujao mnaiandaa ninyi, si wizara. Kabla hamjaibandika ukutani, andikeni jina la mwalimu mpya, mbele yake jina la mlezi wake, na vipindi viwili watakavyokaa pamoja kila wiki. Vipindi hivyo visiguswe, hata siku ambayo mwalimu mwingine ameugua.